Ombi la Kufungwa kwa Barabara ya Barafu ya Turffontein

Imesomwa na Kidawa, muuza chapati, kwa niaba ya Umoja wa Abiria wa Kombi ya Papa Théodore, nyumbani kwa Mama Emérite, Turffontein, Johannesburg, Jumapili ya pili ya Agosti 2018. Yamo pia maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Tumeyaacha yalivyotoka.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, kaka yetu Méthode, uliyeondoka mtaa huu mwaka 2012 na begi moja na leo umeturudia na mabegi sita, mama mwenye nyumba, Emérite, dada wa mgeni, abiria wenzangu, na wewe Ezéchiel uliyesimama getini:

Sisi abiria kumi na wanne tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umetoka mbali, huko Canada ya juu kabisa, ambako tunaambiwa bahari inaganda na nyinyi mnapita juu yake na malori. Tumekupikia wali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa kukaanga. Chapati ni zangu. Kiti ulichokalia kimetoka saluni anakofanya kazi Mama Léocadie pale Berea, na kinazunguka, kwa hiyo tunakuomba usikizungushe mpaka tumalize, maana ukitupa mgongo tutapoteza mahali tulipofika.

Kabla hatujaenda mbele, tuna jambo la kukueleza. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye dereva wetu, Papa Théodore, hayupo hapa. Yuko njiani kutoka uwanja wa ndege na mabegi yako. Wewe ulipanda gari la jirani na dada yako, mkafika kwa nusu saa. Yeye aliomba apewe mizigo peke yake, kwa sababu mizigo mizito, anavyosema, haipandi gari moja na watu pale unapopita juu ya maji. Sisi hatukubisha. Tulikaa chini tukapiga hesabu ya mwendo wake, na kwa hesabu yetu atafika hapa saa tisa. Sasa hivi ni saa saba na nusu.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, risala unayoisikia si ile aliyoisoma mwenyekiti akaipiga muhuri. Ile ninayo, iko chini ya hii, imechorwa maua pembeni. Inasema tunaendelea vizuri na inakuomba umtafutie Papa Théodore kazi ya kuendesha lori kwenye barafu. Ezéchiel ni mlinzi kwa kazi yake, na leo analinda risala. Akikohoa mara tatu, nitageuza karatasi na kuanza ile ya maua. Ukinisikia naacha malalamiko katikati na kuanza kusifu hali ya hewa, usishangae.

HISTORIA YA UMOJA WETU

Papa Théodore ni mtu wa Kalemie. Alifika Johannesburg mwaka 2006, akafanya kazi ya ufundi wa magari, na mwaka 2009 akanunua kombi nyeupe ambayo wewe mwenyewe, mgeni rasmi, uliipanda miaka mitatu ukikaa kiti cha nyuma upande wa dirisha. Tangu hapo ndiye anayetutoa Turffontein asubuhi, anatupeleka Berea na Observatory makazini, na jioni anaturudisha.

Utatuuliza kwa nini, pamoja na yote utakayoyasikia, hatujahamia teksi nyingine. Mwaka 2015 mji ulipochafuka, wageni wakawa wanapigwa na watu wa kwetu wanajificha, Papa Théodore alitupitia kazini mmoja mmoja. Mama Léocadie alikuwa amejifungia chooni saluni na hakusikia honi. Papa Théodore alitushusha nyumbani kumi na watatu, akatuhesabu, akageuza gari akarudi mjini kumfuata wa kumi na nne. Mtu wa namna hiyo humwachi kwa sababu tu amekuchelewesha kazini. Tunampenda, na tunaliandika hapa mapema ili lisije likasahaulika kwenye ukurasa wa tatu.

Matatizo yetu yalianza Januari 2016, na yalianza na wewe, mgeni rasmi.

Ulimtumia ujumbe wa sauti. Aliuunganisha na spika za kombi, akatuchezea asubuhi na jioni mpaka sote tukaujua kwa moyo. Tunaunukuu kama ulivyosema, ili usije ukakana:

“Eeh Théo, huku si muchezo. Bahari imeganda, ni barafu tupu, tunapita juu yake na camion. Vitesse ni vingt-cinq, hapana zaidi. Ukienda mbio, maji ya chini yanapiga wimbi, wimbi linapasua barafu mbele yako. Ukikaribia ukingo, kumi. Gari ya mbele yako, muache mita mia tano. Usisimame. Mukanda usivae, mulango usifunge, ukizama utoke mbio. Na usikilize glace, Théo. Glace ikilia, iko muzima. Glace ikinyamaza, ogopa.”

Mgeni rasmi, wewe ulikuwa unamsimulia rafiki yako habari za kazi. Yeye alidhani unamwita kazini, akaanza mazoezi hapa hapa.

Sasa tunaomba tulizungumzie neno moja humo ndani. Umesema barafu, barafu, barafu, halafu mwishoni ukasema glace. Kwenye kombi yetu tunaongea Kiswahili, lakini kila mtu kaja na chake. Mimi Mtanzania niliposikia glasi nilijua ni glasi ya kunywea maji. Miezi miwili nilisafiri na glasi mkobani, na kila tukifika darajani naitoa naiweka sikioni. Ilikuwa inalia kweli, na mimi nikawa natulia.

Papa Théodore naye ana miaka ishirini gereji. Barafu kwake inaitwa barafu, na glace ni kitu kimoja tu, kioo cha dirisha la gari. Kwa hiyo alichosikia yeye ni kwamba kioo cha gari kikilia, gari liko salama, na kioo kikinyamaza, mjiandae kufa. Kombi yake ilikuwa na vioo vizuri vilivyotulia. Kesho yake alichukua kisu akakata mpira wa kila dirisha. Tangu siku hiyo vioo vyote kumi vinatetemeka kuanzia Turffontein mpaka Observatory, upepo wa Julai unaingia kutoka pande zote, na yeye anaendesha ameegemeza sikio dirishani, uso umejaa raha.

Ni juzi tu, mwezi uliopita, Mama Emérite alipousikiliza ujumbe huo akacheka mpaka akakaa chini. Akatuambia glace ni barafu. Tuliangaliana. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia dereva.

CHANGAMOTO

Tunajua kwa desturi mafanikio hutangulia. Sisi tumeyarudisha nyuma kwa sababu mafanikio hata mwenyekiti akifika tunaweza kuyasoma mbele yake.

Changamoto ya kwanza ni mwendo. Kutoka hapa mpaka Berea ni kama kilomita kumi. Kwa kilomita ishirini na tano kwa saa, hesabu inasema dakika ishirini na nne, na mtu angeweza kuvumilia. Lakini hesabu haijui mita mia tano. Johannesburg ukiacha mita mia tano mbele yako, teksi inaingia. Ikiingia, Papa Théodore anapunguza mwendo mpaka aipate tena nafasi yake. Inaingia nyingine. Anapunguza tena. Kuna Jumatatu teksi ziliingia mfululizo mpaka ikabidi arudi nyuma, na abiria wa mwisho, ambaye ni Mama Léocadie, akaona kwa mara ya pili geti alilopandia.

Kuna yule kijana wa mtaani anayevuta mkokoteni wa chupa na makaratasi kwenda kuuza. Anatupita kila asubuhi kwenye mlima. Mwanzoni alikuwa anatusalimia, “Sharp, bazali,” yaani salama, wazazi. Siku hizi anasimama kabisa, anainama dirishani, anamuuliza Papa Théodore kama anahitaji kusukumwa.

Pili, hasimami. Kusimama juu ya barafu ni hatari, sawa. Kwa hiyo akiona robot, taa ya barabarani, iko nyekundu kwa mbali anaanza kunyata, anainyatia ile robot, ili iwake kijani kabla hajaifikia. Na sisi tunashuka gari likitembea. Mimi nashuka na ndoo ya chapati na chupa mbili za chai. Nimejifunza kutua kwa mguu wa kulia, lakini chai haijajifunza.

Tatu, kila tuta la barabarani ni ukingo wa bahari, na ukingo ni kilomita kumi kwa saa. Mtaa wetu una matuta tisa.

Nne, ni suala la uzito. Alileta mzani wa kupimia viazi, akatupima mmoja mmoja ili ajue nani akae juu ya ekseli ipi. Matokeo yalisomwa kwa sauti. Mama Léocadie ametuomba sehemu hii tuipite haraka, nasi tunaipita.

Tano, askari wa barabarani alitusimamisha mwaka jana. Alitembea taratibu mpaka dirishani, akavua kofia.

“Poleni sana, baba. Mnamzika nani?”

Papa Théodore hakuelewa. Tulipogeuka tukaona magari zaidi ya ishirini nyuma yetu, yamewasha taa, hakuna anayepiga honi. Walidhani sisi ndio msafara wa jeneza. Tulipoendelea, wengine walikata kona, lakini mama mmoja na wanawe wawili walitufuata mpaka saluni Berea, wakaingia, wakakaa. Mama Léocadie ilibidi awape chai. Yule mama ni mteja wake mpaka leo, kwa hiyo hilo tunaliacha.

Yalikuwa mambo ya kucheka, mgeni rasmi, na tulicheka, kwa sababu mwanzoni ilikuwa msimu. Ulimwambia kwenu barabara inafunguliwa wakati wa baridi na inafungwa joto likirudi. Naye akaweka msimu wake, Juni mpaka Agosti. Tarehe mosi Septemba anatangaza kufunga, anavua koti la manyoya analolivaa msimu mzima, na tunakwenda kazini kwa kilomita sitini kama wanadamu wengine. Miezi mitatu kwa mwaka tuliweza.

Halafu Aprili 2017 ulimtumia ujumbe mwingine. Ulisema hivi: “Théo, barabara imefungwa kabisa.”

Sisi tumesoma kwenye simu. Tunajua maana yake. Serikali ya huko imejenga barabara ya changarawe, nchi kavu, ya kupita mwaka mzima, na ile ya barafu uliyokuwa unapita haitafunguliwa tena. Lakini yeye, kila Aprili miaka yote, amezoea kukusikia ukisema imefungwa. Alichosikia safari hii ni neno kabisa. Akatuambia, “Wameifunga vizuri. Inamaanisha wanaitengeneza. Ikifunguliwa, watahitaji madereva wengi.” Akaondoa Septemba. Tangu mwaka jana hatuna msimu. Ni barafu mwaka mzima, hata Desemba, hata mvua inapoingia kwenye vile vioo.

Na hapa ndipo kucheka kulipoishia. Ezéchiel pale getini amepewa barua ya onyo la mwisho kazini Observatory. Mwenzake wa zamu ya usiku anamsubiri kila siku, na amechoka kumsubiri. Akichelewa mara moja tena, kazi hana. Mama Léocadie amepunguziwa siku. Mimi nafika Berea wateja wangu wameshakunywa chai ya mtu mwingine.

Mnaniuliza kwa macho kwa nini hatumwambii tu. Tumejaribu. Ezéchiel alimwambia, “Papa Théo, hapa si baharini. Hapa ni Turffontein.” Papa Théodore akamjibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwanawe.

“Chini ya Turffontein kuna nini?”

“Udongo.”

“Chini ya udongo?”

Hilo sote tunalijua. Chini ya upande huu wa mji kuna mashimo ya wachimba dhahabu wa zamani, na mashimo yameachwa, na yameingia maji.

“Basi sisi wote tunaendesha juu ya maji,” akasema. “Tofauti ni kwamba Méthode anajua.”

Subirini kidogo. Ezéchiel amekohoa. Ni mara moja tu? Ni vumbi? Sawa. Tunaendelea.

MAFANIKIO

Mafanikio tuliyonayo ni jambo moja, mgeni rasmi, na ndilo linalotufunga mdomo.

Novemba 2016 ilipiga mvua ya mawe mchana, halafu mvua ya kawaida, halafu mvua ambayo hatujui tuiiteje. Jioni tulikuwa tunarudi. Kuna daraja dogo tunalipita, mnalijua wote, lile lenye bonde kabla ya kupandisha huku kwetu. Haukuwa msimu wa barafu, lakini mlango kutofunga na mkanda kutovaa kulikuwa kwa mwaka mzima, na daraja kwake daima ni ukingo. Akapunguza mpaka kumi. Magari mawili yalitupita kwa hasira yakaingia bondeni, na tukaona taa zao zikizima.

Maji yalitujia kutoka ubavuni. Kombi iliinuka, mgeni rasmi. Niliisikia inaelea. Papa Théodore hakupiga kelele. Alisema neno moja tulilolifanyia mazoezi kila tarehe mosi ya mwezi, tukilicheka kila mara: “Tokeni.”

Hakuna aliyehangaika na mkanda. Hakuna aliyetafuta kitasa. Mama Léocadie alipita dirishani, kioo kilikuwa kimelegea tayari, akakisukuma kikaanguka chote. Tulishikana mikono tukapanda kingo za barabara, watu kumi na wanne, kwa muda mfupi kuliko niliotumia kusoma aya hii. Wale wa magari mengine mawili walitolewa na watu kwa kamba na kwa kuvunja vioo, Mungu mkubwa, wakapona. Lakini walikaa humo ndani saa nzima, na mmoja wao milango ilikuwa imejifunga yenyewe.

Yeye alitoka wa mwisho, maji kifuani. Mtu wa Kalemie, kazaliwa ziwani, hajui kuogelea. Hilo tulilijua siku ile. Alisimama kwenye mvua akatuhesabu kwa kidole, akatuhesabu tena, akasema, “Kumi na wanne. Kamili.” Halafu akakaa chini barabarani.

Kesho yake tulichanga nguvu tukaivuta kombi, akaikausha wiki mbili, na siku ya kwanza barabarani aliendesha akisikiliza kioo, na hakuna aliyecheka. Ndiyo maana hatuwezi kumwambia kwamba alikosea neno. Alikosea neno, na neno hilo ndilo lililotutoa majini.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ombi letu ni moja. Tunaomba uifunge barabara.

Huko kwenu ulisema kuna ofisi, na siku ikifika ofisi inatangaza, kinawekwa kibao, na hakuna dereva anayebisha wala anayeona aibu. Hapa kwetu ofisi ni wewe. Sisi hawezi kutusikiliza kwa sababu hatujawahi kupita juu ya bahari. Wewe umepita. Kibao tumekitengeneza, kipo nyuma ya friji ya Mama Emérite, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: BARABARA IMEFUNGWA. Tunakuomba leo, baada ya chakula, umpe mkono, umwambie aliendesha vizuri, misimu mitatu, hakupoteza mtu hata mmoja, na sasa imefungwa. Usimwambie alikosea. Habari ya glace tunakuomba uende nayo Canada ukaitunze huko. Na tunakuomba ufanye hivyo kabla ya kesho asubuhi, kwa sababu kesho ni Jumatatu, na Ezéchiel...

Mgeni rasmi amenyoosha mkono. Karibu, kaka.

“Dada Kidawa, samahani. Nimeshamwambia.”

Umemwambia lini?

“Leo. Pale uwanja wa ndege, tukipakia mizigo. Aliniuliza barabara inafunguliwa lini. Mimi sikujua haya yote munasoma hapa. Nikamwambia, Théo, haiko tena. Ni changarawe sasa. Mimi mwenyewe napeleka mafuta kwa changarawe.”

Akasemaje?

“Akasema, changarawe? Nikasema, changarawe. Akasema, sawa. Akafunga mulango.”

Akaufunga?

“Akaufunga na lock.”

Jamani, nyamazeni. Nyamazeni kidogo. Hiyo gari iliyosimama nje ni ya nani? Ezéchiel, mbona hukukohoa?

“Dada, sikuisikia. Nilikuwa nasikilizia vioo. Vioo havikulia.”

Ni saa ngapi? Saa nane kasoro. Hajamaliza hata saa moja njiani.

Karibu, Papa Théodore. Karibu ndani. Wekeni mabegi hayo pembeni, mwacheni apite.

“Pole, dada Kidawa. Nimewahi.”

Hapana, baba, usitupe pole. Lakini kombi imenyamaza. Vioo umevifanyaje?

“Nilisimama kwa njia, nikavibana na makaratasi. Hakuna kazi ya kulia tena. Endelea kusoma. Nitasimama hapa nyuma.”

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hapa nilitakiwa kugeuza karatasi. Ile ya maua iko mkononi mwangu. Inasema mwenyekiti wetu yuko imara, na inaomba kazi ambayo haipo. Siisomi. Abiria wenzangu mtanisamehe, yanayofuata sikuyaandika, na kama nikikosea mnikatize.

Ombi la kufunga barabara tunaliondoa, kwa kuwa imeshafungwa. Badala yake tunaleta ombi jingine, na hili si la mgeni rasmi. Ni la mwenyekiti.

Papa Théodore, tumekuja kwenye meza hii kukusema. Ni kweli, na ukitaka nitakusomea yote kuanzia mwanzo, hata ya mkokoteni. Tumechoka kuchelewa, Ezéchiel ana barua, na kuanzia kesho tunaomba kilomita sitini. Lakini kuna mahali pamoja hatutaki sitini. Pale darajani. Pale tunaomba iwe kumi. Tunaomba pale mlango ubaki bila kufungwa, mikanda tufungue, na hayo makaratasi uyatoe, vioo vilie. Asubuhi tukienda na jioni tukirudi. Tumepima, ni dakika mbili. Dakika mbili hakuna atakayefukuzwa kazi, na anayetaka kucheka atashuka atembee.

Mama Léocadie anatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ezéchiel pia. Mgeni rasmi analia, jamani, mpeni kitambaa, na mzuieni hicho kiti kinazunguka.

Unasemaje, baba?

“Hiyo ya darajani ni barabara ya barafu?”

Ndiyo, baba. Ni mita themanini.

“Na inafunguliwa lini?”

Kesho, saa kumi na moja alfajiri.

“Msimu wake?”

Haina msimu. Hiyo haifungwi.

Amesema sawa. Mmesikia wote, amesema sawa.

Basi, mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama kwenye changarawe yako, akupe mafuta yasiyoganda na afya ya mgongo, amjalie dada yako Emérite nyumba iliyojaa hivi kila Jumapili, na atuvushe sisi pale tunapopita bila kujua chini kuna nini. Kibao kitoeni nyuma ya friji, tutakigeuza tuandike upande wa pili. Chakula kiko tayari.

Ni sisi, Umoja wa Abiria wa Kombi ya Papa Théodore, Turffontein, abiria kumi na wanne na dereva.

Hesabu tena, Ezéchiel, uandike vizuri. Kumi na watano. Kamili.